Patalo Yangu, Asidi na Tonton Fidèle

Patalo yangu, suruali ya komunyo ya kwanza, ilikufa mbele ya padri, mimi nikiwa nimepiga magoti, kinywa wazi, ulimi inje. Haikupasuka na kelele. Ilifunguka polepole nyuma, sawa karatasi yenye kuloba maji, upepo ukaniingia mahali upepo hauingiaka kanisani. Korali ilikuwa nyuma yangu. Sauti za wamama zikakatika, kisha za vijana, akabakia anaimba muzee mumoja tu, mwenye haonaka muzuri. Nikashika matako na mikono mbili, nikakimbia bila kupokea.

Wenye tulikua pamoja mu mutaa wa Cimpunda mutakumbuka maisha ile. Meno tulisugua na majivu. Ndimu tulikula na chumvi mpaka meno yanakataa hata bugali. Koko, mama ya Maman, alitiaka maji ya majivu ndani ya maharagi ili yaive mbio. Na redio ilikula bateri ya motokari, yenye tulibeba kichwani kwenda kuchaji, tukipanda ile matope, asidi inacheza ndani sawa maziwa ya kibuyu. Watoto wa leo wako na solaire juu ya bati, na telefone ikifika nusu wanalia sawa wamefiwa. Uwaulize asidi inanuka namna gani, wataitafuta mu telefone.

Ile patalo ilikuwa nyeupe, Maman aliishona yeye mwenyewe. Siku ya posho, Jumamosi, kesho ikiwa misa, aliitandika juu ya banki ya kukalia, akaenda kutafuta makaa ya pasi. Ndugu yake mudogo, Tonton Fidèle, akaleta bateri juu ya ile ile banki, aongeze asidi. Alikuwa anasoma biochimie, na nyumba nzima ilimuogopa juu ya ile neno. Mukono ukateleza. Matone ingine ikaanguka kwenye simenti, ingine kwenye matako ya patalo yangu. Mimi nilikuwa kwenye mulango, niliona yote.

Koko akakuja mbio. Alichota majivu kwenye mbabula ya makaa, akamwaga juu ya simenti. Ikachemka, ikatoa povu, fsss, kisha ikanyamaza sawa mutoto mwenye amepewa ziwa.

«Lete patalo,» akasema. «Tuiloweshe mu maji ya majivu sasa hivi.»

Tonton akacheka. «Mama, majivu iko buchafu. Patalo ya komunyo unaipaka majivu? Doa inatokaka na ndimu. Hata kutu inatoka.»

Ndimu! Asidi juu ya asidi, ni sawa mutu anakupiga kofi, unaita kaka yake akusaidie. Lakini Koko hakusoma hata siku moja, na Tonton alikuwa na kalamu tatu mu mufuko wa shemishi. Akakamua ndimu mbili juu ya patalo, akaitikisa, akaitandika tena. Doa haikuonekana. Maman akarudia na pasi ya moto, akapitisha, akasifu vile inang'aa. Ile moto ndiyo ilimaliza kazi. Pale patalo haikuwa tena nguo, ilikuwa sura ya nguo tu.

Misa ilipokwisha, Maman akauliza nani aliharibu patalo. Koko alikuwa amekwenda ku kijiji cha Miti kwa mugonjwa, na wakati alirudia hakuna mwenye alimuuliza. Tonton Fidèle akaangalia simenti, akasema: «Mutoto alikuwa anacheza na bateri.» Nikapigwa na kambambili mpaka ikakatika. Nikasema ni Tonton, nikapigwa na ya pili, juu ya kusingizia mukubwa.

Komunyo nikaipokea mwaka wenye kufuata, katikati ya watoto wenye walinifika kwenye kitovu. Masomoni wakaniita Dirisha. Nikaacha mu mwaka wa tano. Sisemi ni patalo tu ilinitoa masomoni, lakini ilisaidia.

Sasa Tonton iko mwalimu wa chimie. Binti yangu anasoma kwake, na siku moja akanisomea kaye yake ya masomo: asidi ikikutana na majivu inatoa povu, inapoteza ukali, inabakia chumvi na maji. Nikamuuliza nani aliwafundisha hii. Akasema, «Tonton Fidèle mwenyewe, Papa. Alileta majivu mu kikombe.»

Koko alikufa bila mutu kumuambia kama alikuwa na haki. Maman angali muzima, lakini amezeeka sana, na kila harusi anaelezea wageni vile nilimuharibia patalo na kusingizia ndugu yake. Watu wanacheka. Mimi nacheka pia.

Tonton Fidèle, uko unasoma hii. Jumapili kisha misa, kuja kwa Maman, ukae mbele yake, useme ni wewe. Kisha ugeuke, unijibu mimi: siku ile ulipoangalia simenti, ulikuwa hujui kama ni asidi yako ilikula patalo, ao ulikuwa unajua?