Mto Uliohama na Shamba la Mama

Mwaka ule mto ulipohama nilikuwa nasoma sheria chuo kikuu, pale Mutanga, na somo lililonitesa kuliko yote lilikuwa la bahari, anga na mazingira. Wenzangu walilifanyia mzaha. Nchi yetu, Burundi, haina bahari hata ya kunawia mikono, na sisi tulikuwa tunakariri kwamba maji ya taifa huishia maili kumi na mbili za baharini kutoka pwani, kwamba ndege ya kigeni haipiti juu ya nchi ya watu bila ruhusa, kwamba hakuna serikali inayoweza kujitangazia mwezi kuwa mali yake. Mimi sikucheka. Somo lile lilinikosesha utulivu. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu, nafunga daftari, nasimama, naosha vyombo ambavyo tayari ni safi, halafu narudi kwenye ukurasa ule ule.

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kamenge. Tangu ziwa lilipofurika na maji kuingia Gatumba, mji mdogo wa mpakani alikokuwa akikaa, mama alikuwa anaishi nami humo. Nyumba yake ya matofali mabichi ilikuwa imelainika na kuanguka ukuta mmoja baada ya mwingine. Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, akaja Gatumba alipoolewa na baba. Baba alipofariki alimwachia nyumba ile, na shamba la mihogo karibu na mto Rusizi, ambao ndio mpaka wa nchi mbili hizo. Nyumba ilikuwa imekwenda. Shamba lilikuwa limebaki, kwa sababu lilikuwa kwenye kijiinuko. Kila asubuhi mama alipanda gari hadi Gatumba, akavuka mpaka kununua mawese, akayauza, na jioni akarudi kwangu ananukia mafuta na vumbi.

Jumatatu moja alirudi kabla ya saa sita mchana, matope yamemfika magotini. Hakuvua kanga iliyolowa. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaniangalia.

"Mto umehama," alisema.

"Umehama vipi, Mama?"

"Juzi ulikuwa nyuma ya shamba. Leo iko mbele. Shamba iko ng'ambo sasa."

Nilimwuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, na mara zote alinijibu vile vile. Mvua ya milimani ilikuwa imeshusha maji mengi, mto ukachoka na kona yake ya zamani, ukajichimbia njia iliyonyooka upande wetu. Jumamosi alikuwa amelitembelea shamba kwa miguu. Jumatatu alisimama ukingoni akaiona mihogo yake upande wa pili wa maji.

Kesho yake nilimngoja profesa wa somo lile hadi darasa lilipokwisha. Alikuwa mzee mwembamba aliyezoea kutusomea maelezo bila kuinua macho. Alikuwa anakusanya karatasi zake nilipomweleza. Aliacha kukusanya.

"Ulihama polepole au kwa ghafla?" aliuliza.

"Kati ya Jumamosi na Jumatatu, Profesa."

"Basi sikiliza. Mto ukisogea polepole, mwaka hata mwaka, ukila huku na kujaza kule, mpaka husogea nao. Ukiruka kwa ghafla na kujichimbia njia mpya, mpaka hubaki kwenye njia ya zamani, hata kama imekauka. Isipokuwa nchi mbili ziwe zimekubaliana vingine."

"Kwa hiyo shamba bado liko Burundi?"

"Inaelekea hivyo. Lakini usichanganye mambo mawili. Mpaka ni wa nchi, shamba ni la mama yako. Hata mpaka ungehama, shamba lisingeacha kuwa lake kwa sababu hiyo tu." Alifunga mkoba wake. "Kuna watu wameshuhudia siku mto uliporuka? Andika maneno yao mapema. Baada ya miezi mitatu kila mtu atakuwa na mto wake kichwani."

Nilitoka pale nusura nikimbie. Nilifika nyumbani jasho linanitoka, nikamweleza mama yote huku yeye anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni vizuri," alisema. "Na hiyo sheria inajua kuvuka maji?"

Tulivuka Alhamisi asubuhi. Jirani yetu wa zamani wa Gatumba, mvuvi wa kule kwenye matete, alitupeleka kwa mtumbwi wake. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalikwenda kwa kasi. Mvuvi alikuwa anapiga maji kwa kasia mara kwa mara kuwatisha viboko. Nilikuwa nimelikumbatia daftari langu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimeandika humo maneno ya profesa, na ya majirani wanne walioona mto ukiruka.

Shamba lilikuwa vile vile, na hilo ndilo lililonishangaza. Mistari ya mihogo ile ile, na uzio wa minyaa alioupanda baba, ingawa nusu yake ilikuwa imelazwa na maji. Ndani ya shamba kulikuwa na mwanamke wa makamo ya mama, amefunga kitambaa kichwani, anachuma majani ya mihogo. Alipotuona aliweka kapu chini.

Mama alimsalimu kwanza. Kisha akasema kwa upole, "Iyi mihogo ni yangu, dada."

"Nilisema moyoni, mwenye shamba alibebwa na maji," yule mwanamke alijibu. "Watu wengi walibebwa. Samahani, mama."

"Si neno. Sombe inakomaa, iko lazima mutu aichume."

Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba ya mama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo askari alipotokea kwenye matete, peke yake, viatu vimelowa, bunduki begani. Alikuwa wa upande wa Kongo. Alitusalimu, akauliza tulipita wapi.

"Juu ya maji," mama alisema, akamwonyesha karatasi yake ya kuvukia mpaka.

"Hii ni ya kupita kule barabarani, kwenye bariyeri, mama. Si ya kupita hapa."

Nilitoa daftari. "Afande, hapa bado ni Burundi," nilisema. Mama alinivuta kanga kwa nyuma, lakini nilikuwa nimeanza. Nilimweleza kuhusu mto unaosogea na mto unaoruka. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka.

Hakukasirika. Alinisikiliza huku anaangalia maji.

"Dada, mi walinituma kuchunga mpaka, na waliniambia mpaka ni maji. Maji ni ile pale. Na we uko huku ya maji."

"Mto wa zamani uko nyuma ya shamba. Njoo nikuonyeshe."

Tulikwenda wote wanne, askari mbele yangu, mama na yule mwanamke nyuma; mvuvi alibaki kwenye mtumbwi. Mfereji wa zamani ulikuwa umebaki na matope na vidimbwi. Konokono walikuwa wametapakaa, na wavu wa mtu ulikuwa umenasa kwenye matete, juu, mahali ambapo maji yalikuwa yamefika. Askari alishuka polepole hadi katikati, matope yakamfunika viatu.

"Mustari iko wapi?" aliuliza.

"Hapo uliposimama, penye kina."

"Basi mi niko inchi gani sasa?"

"Mguu mmoja kwenu, mguu mmoja kwetu."

Hakucheka, na mimi sikuwa nimesema kwa utani. Aliangalia nyuma yake, akaangalia shamba, akashika mkanda wa bunduki.

"Kwa hiyo, nikirudi kule kwa mihogo," alisema, "nitakuwa nimeingia kwenu na bunduki."

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba shamba ni letu, na sasa nilikuwa nimemfanya mtu mwenye silaha kuwa mvamizi, mbele ya mama yangu, bila shahidi mwingine ila wanawake wawili wasio na kitu mkononi. Niliogopa. Yeye pia nadhani aliogopa, kwa sababu hakujua aende mbele au arudi. Alibaki amesimama pale pale.

"Mwanangu," mama alimwambia, "toka kwenye matope, utapata baridi."

Alimnyooshea mkono, akamvuta akatoka. Alitoka upande wetu.

Tuliporudi shambani askari alifuta viatu vyake kwa majani. Kisha akamwambia mama ang'oe anachoweza siku ile, na yeye atamwuliza mkubwa wake. "Kwa leo tu, mama," alisema. Mimi aliniita pembeni. "Hayo maneno ya daftari usimwambie kila mutu hapa. Kuna wenye hawatakusikiliza kama mi."

Tuling'oa mihogo hadi mgongo ukaniuma. Yule mwanamke alitusaidia bila kuombwa, na mama alimrudishia kapu lake la majani likiwa limejaa. Mimi nilikuwa nang'oa kwa hasira, navunja mizizi, na mama akanionya mara mbili. Katika mtumbwi wa kurudi sikuweza kukaa sawasawa, mpaka mvuvi akaniambia kwamba nikiendelea kugeukageuka nitatuzamisha.

Niliandika barua kwa wakuu wa tarafa. Profesa aliisahihisha kwa kalamu nyekundu kama kazi ya darasani, akaondoa kila mahali nilipokuwa nimeandika "haki takatifu." Waliipokea, wakaigonga muhuri. Baada ya wiki kadhaa tulisikia kwamba wakubwa wa pande zote mbili walifika kwenye mto, wakaangalia, wakasema wapimaji wataitwa maji yakitulia. Mimi sikutulia. Kila nilipopata nafasi nilikwenda Gatumba kusimama ukingoni, natafuta bendera, vigingi, mtu mwenye kamba ya kupimia. Niliona ng'ombe, na watoto wanaoga.

Mtihani ulikuja. Swali kubwa lilihusu sakafu ya bahari na nani mwenye haki ya kuichimba. Niliandika kurasa nne na sikumbuki hata sentensi moja. Nilipita, si vizuri sana.

Mwezi uliofuata mama alirudi na fungu kubwa la sombe, majani laini yenye umande.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwetu."

Nilidhani amevuka tena kwa mtumbwi. Hakuvuka. Alikuwa amekutana na yule mwanamke kwenye soko la mpakani, wakakaa chini pamoja, wakaelewana. Yeye anakaa upande ule, hakuna anayemwuliza karatasi. Atapalilia na kuvuna, na siku ya soko atamletea mama nusu.

"Mmeandikiana?" niliuliza.

"Kuandika nini?"

"Mama, mtu akilima shamba miaka mingi bila kupingwa, siku moja watasema ni lake. Nimelisoma hilo."

"We unaogopa mutu mwenye bado hujakula naye," alisema, akaanza kutwanga.

Jumapili moja mama alimleta yule mwanamke nyumbani. Alikula nasi, alimsifu mama kwa kupika, akaniuliza masomo yangu yanakwendaje. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukunipunguzia chochote. Wakati wa kuaga aliniuliza, kama mtu anayeuliza saa, "Sasa dada, ile shamba iko inchi gani?"

Nilimwambia bado sijui. Aliitikia kwa kichwa, akaona ni jibu la kutosha.

Wapimaji hawajaja mpaka leo. Nusu ya mavuno inafika kila siku ya soko, bila kukosa, na mama ameacha kulizungumzia shamba isipokuwa mihogo ikiwa michungu. Lakini mvua ikianza kupiga milimani mimi huchukua simu, nampigia yule mwanamke wa ng'ambo, namwomba atoke nje aniambie mto uko wapi.