Kuvu Iliyopewa Jina la Mama

Wenzangu niliosoma nao wanatibu watu, wanajenga madaraja, mmoja anarusha ndege. Mimi natazama madoa kwenye majani. Tena si majani ya miti, ambayo yana heshima yake, bali nyasi, hizi hizi zinazokanyagwa na kulishwa ng'ombe. Kwenye nyasi huishi kuvu za kila namna. Ipo inayolipaka jani unga mweupe, ipo inayogeuza suke zima kuwa masizi, ipo inayojificha ndani ya jani maisha yake yote bila kumsumbua mtu, na ipo kutu, ile yenye vipele vya rangi ya chungwa ambavyo ukivigusa vinakuachia vumbi vidoleni. Kazi yangu ni kuamua ipi ni ipi, ipi ndugu ya ipi, na ikae droo gani. Mtaani wananiita Daktari wa Nyasi, na sijaona anayeniita hivyo kwa wivu.

Ofisi yangu ni chumba cha mwisho kwenye ujia, baada ya choo na stoo ya mafagio. Ina makabati ya chuma yaliyojaa bahasha za nyasi kavu, hadubini niliyoifunga uzi mahali ilipong'oka skrubu, na harufu ya dawa ya nondo ambayo mke wangu anasema hufika nyumbani kabla yangu. Nimekaa humo zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda wote huo nimegundua kitu kimoja. Kimoja tu, lakini nilikipigia kelele kama kuku aliyetaga.

Ilikuwa kutu ya nyasi za bondeni, yenye vijimbegu vya miiba ambavyo hakuna aliyewahi kuvieleza kitabuni. Katika kazi yetu anayegundua ndiye anayetoa jina. Wengine huweka jina la mto, wengine la bosi wao, kwa sababu zinazoeleweka. Mimi niliweka jina la mama, nikalibandika mkia wa Kilatini, likachapishwa. Kisha nikaikuza picha ya kile kijimbegu, nikaitia fremu, nikaenda kuipigilia mwenyewe ukutani sebuleni kwa mama. Aliitazama kwa muda.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Kwa hiyo huyo ndiye mimi?"

Tangu siku hiyo alimwambia kila mtu. Alimwambia mwenye duka, aliwaambia wagonjwa wenzake kwenye foleni ya hospitali, alimwambia fundi aliyekuja kuziba bomba: mwanangu ameniandika kwenye sayansi. Nikisikia hivyo nilikuwa natembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa, kutu ina ujana na utu uzima. Mvua zikiwepo hutoa vijimbegu vya rangi ya chungwa, vyepesi, vya kupeperuka. Nyasi zikianza kukauka hutoa vingine, vyeusi, vigumu, vya kungojea msimu mwingine. Anayeikuta mvuani na anayeikuta kiangazi wanaweza kuapa wameona vitu viwili tofauti, na zamani waliapa hivyo mara nyingi. Ndiyo maana kuvu nyingi zilijikuta na majina mawili. Haya yote nimewafundisha wanafunzi kwa sauti ya mtu asiyeweza kukosea.

Basi mwezi uliopita nikafungua bahasha ya nyasi za bondeni, nikaweka jani chini ya lenzi. Kwenye kipele kimoja, vimekaa bega kwa bega, vijimbegu vya mama vya rangi ya chungwa na vingine vyeusi ninavyovijua vizuri, vya kutu iliyopewa jina kabla bibi yangu hajazaliwa. Nikakata kwa wembe, nikatia tone la maji, nikatazama tena. Nikapeleka kipande maabara kipimwe vinasaba, huku nikiomba kimoyomoyo wakipoteze. Wale watu hupoteza kila kitu, lakini hicho hawakukipoteza; majibu yakaja kwamba zote ni kuvu moja.

Jina lililotangulia ndilo linalobaki. Kuvu ya mama haikuwa kuvu mpya. Nilikuwa nimemwona kijana wa watu anapita njiani, nikampa jina kana kwamba hana kwao.

Na mama alikuwa anakuja. Kwa miaka alikuwa akiomba kuiona droo yenye jina lake, na hatimaye mdogo wangu wa kike, anayeishi naye, alimpangia safari. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamweleza balaa lililonipata.

"Funga mdomo," akasema. "Mwonyeshe droo, mpe soda, arudi. Nani atamwambia, nyasi?"

Nilikubaliana naye kabisa. Mama alipoingia, amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba ameupakata, nilikuwa nimejiandaa kudanganya kama mtu mzima. Nikamweka kwenye kigoda mbele ya hadubini. Akafumba jicho moja, akainama.

"Naona kope zangu," akasema.

Nikamrekebishia lenzi. Akatazama tena kwa makini, akauliza kwa upole, "Hivi ndivyo mimi?" Hapo uongo wangu wote ukaniishia. Nikaanza kueleza, nikaanzia kwenye vinasaba, nikarudi kwenye mvua, nikapotea, mpaka mama akaninyooshea kiganja.

"Kwa kifupi."

"Kwa kifupi, Mama, hii kuvu ina jina lake la zamani. Lako linatoka."

Akakiinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza mama yangu kwenye chumba kinachonuka dawa ya nondo, nikapapasa nikitafuta leso, nikaambulia kikaratasi cha kufutia lenzi. Nilipomfikia nikaona anacheka.

"Mwanangu, unajua mashoga zangu wananiuliza nini miaka yote hii? Ulimkosea nini huyo mtoto, hata akakuita ugonjwa?"

"Si ugonjwa hasa, inategemea..."

"Unakausha majani, haukaushi?"

"Unakausha."

"Haya basi."

"Sasa mbona ulikuwa unamwambia kila mtu?"

Mama akajifuta macho kwa kile kikaratasi. "Ningefanyaje? Mdogo wako hunikumbatia, huniambia Mama nimekukumbuka. Wewe ukipiga simu unauliza kama bomba limepona. Tangu umeota ndevu hujaniambia neno moja tamu. Halafu siku hiyo ukaja na nyundo yako na hiyo picha, unameremeta. Nikasema, huyu ndivyo anavyojua. Nikalishika hilo hilo."

Nilisimama katikati ya makabati nikiona aibu, na nikimpenda.

"Sasa na lenyewe limetoka," mama akasema.

Nikaifuta lenzi iliyokuwa safi. Kisha nikasema, "Nakupenda, Mama." Ilinitoka kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya droo, tena nikiitazama hadubini, lakini ilitoka.

Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Umesema nini? Sijasikia vizuri."

Mama yangu hata akiwa uani humsikia mtu akifungua friji jikoni. Nikamgeukia, nikarudia.