Mama wa Beby Kea na Majina ya Kutisha

Wasomaji wangu, mama wa beby kea ametuacha. Mlizoea kufungua ukurasa huu ili tuwacheke walimu. Wiki hii walimu wapumzike. Kifua kilimsumbua kwa muda, akalala akapitiliza, na tukamzika kwao Elburgon kwenye baridi iliyomfanya hata mhubiri afupishe mahubiri. Marehemu angelifurahia sana hilo. Kwa ambao hawakukulia mtaa wetu hapa Nakuru, chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ploti yetu, ile safu ya vyumba vya kupanga, na hapo ndipo palikuwa beby kea: akina mama waliokwenda sokoni au kiwandani walimwachia watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Kwa hiyo karibu vijana wote wa mtaa tumelala kwenye mkeka wake na kunywa uji wake. Mengine tuliyomfanyia mgongoni hayafai kuandikwa kwenye gazeti la shule. Yeye hakukubali jina lolote la ukubwani. Hata uote ndevu, ulibaki na lile ulilokuwa nalo ukitambaa.

Sasa, mnalijua pia genge linalokaa kwenye kibanda kilichofungwa karibu na reli. Hawamwambii mtu aje kuiba. Wanaanza na jina. Wanakuketisha kwenye kreti, wanakununulia soda, wanakwambia jina la darasani ni la watoto, kisha wanakubatiza upya: Risasi, Sumu, Chuma. Kijana ambaye kwao huitwa tu maji yakiisha, ghafla anaitwa kwa heshima. Ukishaitika, kesho unatumwa na mzigo, na huulizi ndani mna nini. Muhula uliopita zamu ilimfikia jirani yangu wa dawati. Aliniambia atapewa jina Jumamosi mchana, na kwamba Jumatatu nisimtafute darasani. Nikamtania kuwa jina linalomfaa ni Ugali, kwa sababu ndicho kitu pekee alichowahi kuvamia. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikampelekea habari mama wa beby kea. Aliendelea kukunja nepi, akauliza tu mkubwa wao siku hizi anajiita nani. Nikamjibu, Jenerali, yule mtoto wa mama wa mitumba. Akafikiri kidogo, akasema, “Aah. Kababa.” Ndivyo mamake alivyomwita tangu utotoni, yaani “baba” aliye mtoto, kwa kuwa amerithi jina la babu yake, baba wa mamake.

Jumamosi mchana akafika kibandani, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Jenerali alikuwa amesimama mbele ya vijana, anahutubia kuhusu heshima.

“Kababa, niaje. Nishikie huyu, mgongo inaniuma.”

“Mathe, hapa tuko na mkutano.”

“Endeleeni tu. Huyo bado hasikii Kiswahili.”

Jenerali akampokea. Tena alimshika vizuri, kiganja chini ya shingo. Mama akamuuliza, kwa sauti ya kujali kabisa, kama siku hizi anaweza kupita karibu na kuku bila kulia. Aliyecheka wa kwanza ni jirani yangu wa dawati, akacheka hadi kreti ikamwangusha. “Na wewe kuja,” mama akamwambia, “jerikeni imenishinda.” Akajipangusa vumbi, akamfuata. Jenerali hangeweza kumzuia. Alikuwa na mtoto mikononi.

Jumatatu jamaa alikuwa darasani, akinakili hesabu zangu na makosa yangu yote.

Tumeletewa wageni wengi kwenye paredi ya shule kutuonya kuhusu magenge. Wote huzungumza na “vijana”, na sijawahi kuona mtu akigeuka anapoitwa vijana. Mama huyu sikumbuki akitaja neno genge hata mara moja. Nafikiri alijua kwamba genge linahitaji mtu asiyejulikana na yeyote, na yeye alitujua wote kupita kiasi. Siku hizi ploti zinabomolewa, yanajengwa maghorofa yenye mageti, na wa mlango wa tatu humjui. Hilo linanitia wasiwasi. Lakini pale Elburgon Jenerali alikuja peke yake, akasimama mbali kando ya ua, mpaka binti wa marehemu akamwita: “Kababa, shika koleo.” Akashika, akafukia. Sidai kwamba ameacha yale mambo. Ninachojua ni kwamba aliitika.

Kwa hiyo jifunzeni majina ya watoto wa milango ya jirani, hasa yale ya kuaibisha. Hawa wanaotambaa leo watakuja kuketishwa kwenye kreti, na lazima awepo mtu wa kuwaita.