Mwanahawa na Mlango wa Sita wa Fahamu

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba sitafika popote. Kwetu sisi Waluguru mjomba ndiye anayegawa shamba, kwa hiyo akisema watu husikiliza. "Miaka mitatu Moshi kusomea kukanda watu," alisema. "Bibi yako anakanda kwa mafuta ya nyonyo na hajui hata kuandika jina lake. Wewe utatuletea cheti cha kukanda?" Watu wakacheka. Jirani mmoja akaongeza kwamba mtoto aliyefeli kidato cha nne, hata ukimpeleka Ulaya, atarudi na begi tu.

Nilirudi na begi, na ndani yake mlikuwa na diploma ya fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Mtihani wa kidato cha nne niliurudia nikiwa mpagazi wa stendi. Ada nilijilipia kwa kufua mashuka ya bweni, mikono ikachubuka mpaka mwalimu wa anatomia akaniuliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Katika kijiji chetu kilicho juu ya Mlali, mimi ndiye wa kwanza kuvaa koti jeupe lenye jina langu mfukoni. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Siku ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Morogoro mjini, nilipelekwa kwa Mganga Mfawidhi. Alikuwa mtu mrefu, hakupandisha sauti hata mara moja katika miaka yote niliyomfahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Milango ya fahamu iko mingapi?"

Chuoni nilikuwa nimefundishwa vizuri, lakini woga ulinirudisha shule ya msingi. "Mitano, mzee. Kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa."

"Fumba macho. Gusa pua yako." Nikagusa. "Pua umeiona?"

"Hapana."

"Umeinusa? Umeisikia?" Akanitazama. "Mkono wako umejuaje njia? Wagonjwa wako wengi watakuwa wamepoteza mlango huo, na hawatajua hata jina lake. Kazi yako ni kuujua."

Vijana mnaosoma haya, nanyi fumbeni macho mguse pua. Ndani ya misuli, kano zake na maungio ya mifupa mna vipokezi vidogo vinavyopeleka habari kwenye ubongo kila wakati: goti limekunjwa kiasi gani, mguu uko wapi. Tukiuita mlango wa sita wa fahamu hatutakosea. Wa saba uko ndani ya sikio, penye vijifereji vyenye majimaji. Kichwa kikiinama, majimaji hayo yanasogea, nawe unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Upo na mwingine unaokuambia una njaa, una kiu, au moyo unakwenda mbio. Hatuihesabu kwa sababu haitusumbui. Inahesabiwa siku inapofungwa.

Kuupima mlango wa sita hakuhitaji mashine. Mgonjwa anafumba macho. Unashika kidole gumba cha mguu kwa pembeni, kushoto na kulia, wala si juu na chini, maana ukikandamiza kwa juu ngozi itamwambia jibu. Unakisogeza kidogo. "Juu au chini?" Mzima hakosei. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, pamoja na ile niliyohamishiwa kituo cha afya upande wa Kingolwira na ile niliyorudi mjini nikiwa mkuu wa kitengo, nimeshika vidole vya wakulima, wafungwa waliomaliza vifungo, walimu, na mkuu mmoja wa wilaya aliyestaafu. Hakuna aliyepima vidole vingi Morogoro kuliko mimi.

Mwanahawa aliletwa nikiwa tayari mkuu wa kitengo. Walimteremsha mlimani kwa kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana mpaka barabarani. Alikuwa mama wa watoto wawili, mkulima wa kabichi na maharage, anatoka vitongoji vya juu kuliko kwetu. Homa ilimlaza, ikapita, lakini ilimwachia miguu iliyokufa ganzi. Madaktari walimtibu mpaka nguvu zikarudi. Akilala kitandani aliweza kunisukuma kwa mguu hadi nikayumba. Akisimama, anaanguka.

Nikashika kidole. "Juu au chini?"

"Bado hujakishika, dokta."

Nilikuwa nimekishika muda wote huo.

Nyumbani walikuwa wanasema amerogwa. Yeye hakuzungumzia hayo. Alizungumzia shamba. "Nisipopanda masika haya, shamba anapewa binamu yangu," aliniambia. "Ukoo hauwezi kuacha ardhi ilale. Na akishapanda migomba yake, nani ataing'oa?"

Nilimpangia mazoezi kama nilivyofundishwa. Mtu aliyepoteza habari za miguu anafundishwa kutumia macho badala yake. Basi alitembea katikati ya vyuma viwili vya kushikia, akitazama kila hatua. Baada ya wiki tano aliweza kuvuka chumba bila kushika kitu. Nilijivuna sana. Kisha nikamtoa nje, kwenye kilima kidogo nyuma ya wodi, akaanguka mara tatu asubuhi moja. Akitazama miguu haoni njia. Akitazama njia, miguu inampotea.

Mganga Mfawidhi alikuja, akasimama akatazama. "Mwandikie kiti cha magurudumu umrudishe nyumbani."

"Mzee, kiti cha magurudumu Uluguru kitapita wapi?"

Akaenda zake akiwa ameinamisha kichwa. Masika yalikuwa yamebakiza kama mwezi kuanza.

Katika kadi ya Mwanahawa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, nikapigia mstari: *Asibebe mzigo kichwani.* Asiyejua miguu yake iko wapi, utamwongezeaje mzigo? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeandika hivyo. Asubuhi moja niliingia uani nikamkuta anatoka bombani na ndoo ya maji kichwani, imejaa, juu ya ngata ya kanga aliyoisokota mwenyewe. Hakuishika kwa mkono. Macho yalikuwa mbele. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kwake.

"Shusha hiyo ndoo," nikasema.

Akasimama. "Dokta, nikiishusha nitaanguka."

"Nani mtaalamu hapa, mimi au wewe?"

"Ni wewe, dokta. Lakini nitaanguka."

Wagonjwa walikuwa wamekaa barazani wanatutazama. Nilikuwa na koti jeupe na jina mfukoni. Nikanyanyua mikono, nikaiondoa ndoo kichwani pake mimi mwenyewe. Akayumba, akatafuta kitu cha kushika, kilichokuwa karibu ni mimi na mikono yangu ilikuwa imejaa ndoo. Alianguka kwa ubavu juu ya saruji. Kifundo cha mkono kikateguka.

Hakulia. Alikaa chini ameushika mkono wake, akasema taratibu, "Sasa nirudishie."

Nikamwinua, nikamrudishia. Akasimama. Akatembea mpaka mlango wa wodi, akageuka, akarudi.

Niliwaza jambo hilo siku nyingi nikafikia maelezo ambayo bado nayaamini. Vipokezi vyake havikuwa vimekufa vyote, vilikuwa vinanong'ona. Uzito wa ndoo uliyakandamiza maungio toka shingo mpaka nyayo, ukavifanya viseme kwa nguvu. Zaidi ya hapo, mwanamke aliyebeba mizigo mlimani tangu utotoni anajua kukituliza kichwa kisicheze, na kichwa kikitulia, mlango ule wa sikioni unafanya kazi sawasawa. Chuoni hatukufundishwa hilo. Mwanahawa alilijua kwa sababu usiku mmoja alitamani kwenda bombani mwenyewe, akaenda akishika ukuta, akabeba kama alivyozoea, ndipo akaona hajaanguka.

Tukaanza upya. Ndoo nzima, kisha nusu, kisha mfuko wa mchanga, na mwishowe ngata tupu. Alirudi kwao kabla ya mvua, akipanda kwa miguu yake na tenga la mbegu kichwani. Shamba hakupewa binamu.

Sasa nifike mahali nilipokuwa sitaki kufika. Niliandika taarifa. Niliiita *Mbinu yangu ya mzigo wa kichwani*. Mganga Mfawidhi aliisoma akanipa mkono, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Niliitwa kuifundisha kwa wenzangu, hata wageni kutoka Dar walikuja kuiona. Mjomba wangu, akiwa mzee sana, aliletewa habari, akasema, "Kumbe alisomea kitu." Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo maisha yangu yote. Katika taarifa ile Mwanahawa aliitwa "mgonjwa wa kike, mkulima". Ndoo niliyoishusha haikuandikwa. Mkono ulioteguka haukuandikwa.

Nilistaafu nikarudi kujenga kwetu, nyumba ya bati la rangi inayoonekana toka barabarani. Mwaka wa kwanza wa kustaafu ulinitosha kukaa na jambo hilo. Asubuhi moja nilipanda kwa Mwanahawa kumwambia. Nilimkuta anapalilia, nywele zimeingia mvi, na kichwani ana ngata tupu, kama mwingine anavyovaa kofia.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mama. Nimekuja kusema neno."

Nikalisema lote. Alinisikiliza akiendelea kupalilia.

"Nilijua," akasema. "Mwanangu wa pili ni muuguzi. Walimfundisha darasani. Akarudi likizo akaniambia, mama, kuna mbinu ya bwana mmoja wa Mlali." Akaweka jembe chini. "Sikukasirikia karatasi. Nilikasirikia ndoo."

"Nisamehe."

"Kaa hapo kwenye gogo. Vua kiatu."

"Cha nini?"

"Umepanda ukiangalia miguu yako njia nzima. Nilikuona toka kule chini. Vua."

Nikavua. Akachuchumaa, akakishika kidole gumba changu kwa pembeni, kushoto na kulia, kama nilivyomshika. "Fumba macho, dokta. Juu au chini?"

Nikangoja. "Anza basi."

Nikafumbua macho. Kidole kilikuwa kimeelekea mbinguni, na vidole vyake vimekibana.

Sukari ninayo miaka mingi, nayo huila mishipa ya fahamu ya miguuni polepole. Nilikuwa nawaeleza wagonjwa hivyo kila wiki. Yangu sikuipima.

Mwanahawa alijaza tenga kabichi, akavua ngata yake akaiweka kichwani pangu, akanitwisha. "Macho mbele," akasema. "Usilishike."

Nikateremka. Miguu niliisikia, si vizuri, lakini niliisikia. Penye kona ya kisima walikuwepo wanaume wa kijiji chetu, na miongoni mwao yule jirani wa begi, sasa mzee kama mimi.

"Leo mtaalamu amekuwa mama mwenye mzigo," akasema, wakacheka.

Sikugeuza shingo, maana ningeanguka. "Hii ni mbinu ya Mwanahawa wa huko juu," nikasema. "Ndiye aliyeivumbua. Mimi niliiandika tu."

Wakanipisha. Nikapita katikati yao, nikafika nyumbani, na tenga halikuanguka.