Nilijibu "Bra" nilipoambiwa habari za baba

Wakuu, sogeeni karibu mnisikilize. Haya yalinikuta mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Miaka ya sabini nilikuwa Stockholm kusomea ufundi. Nilipanga chumba mtaa wa Vårby gård kwa mjane mmoja Mswidi. Kiswidi changu kilikuwa cha miezi minne tu.

Kwetu Bukoba nilimwacha baba tumenuniana. Alitaka nibaki niangalie kibanja, shamba letu la migomba, mimi nikapanda ndege. Sikumwandikia hata barua moja.

Jumapili moja mchana, Wanjiru, dada Mkenya aliyeolewa huko, akanipeleka kuangalia sinema bubu ya zamani. Kwa ambao hamjaiona: watu wanachezesha midomo bila sauti, kisha maneno yao yanatokea kwa maandishi. Wanjiru alikuwa ananinong'oneza tafsiri.

Kijana kafukuzwa na baba yake. Miaka inapita, anarudi, theluji imemjaa mabegani. Dada yake anafungua mlango. Yakatokea maandishi: "Far har gått bort."

"Baba amefariki," Wanjiru akanong'ona.

Nikacheka. "Wewe dada, Kiswidi umekisomea wapi? Hiyo ni 'baba ameenda mahali.' Mama mwenye nyumba aliniambia hivyo hivyo."

"Kuhusu nani?"

"Mzee wangu. Kuna mmisionari wa kwetu alipiga simu, yule mama akapokea."

Wanjiru akanigeukia. "Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Bra."

Niwaeleze taratibu. Bra ni "vizuri". Gått ni kwenda, bort ni mbali na hapa. Yakikaa pamoja, mtu amekufa. Mimi nilitafsiri neno kwa neno, nikajua mzee ameenda Karagwe kusalimia ndugu, labda hasira zimepoa. Nilifurahi, wakuu.

Mbele yangu yule kijana alikuwa amefungua mdomo analia, sauti haitoki.

Sikusubiri mwisho. Kwenye treni nilijiambia huenda Wanjiru kakosea, nikawa naomba vituo visiishe. Kisha nikakumbuka: yule mama alikuwa hanisemeshi tangu siku ile. Nilishawatangazia wenzangu kwamba kaanza ubaguzi.

Alipofungua mlango nikamuuliza kabla ya salamu kama baba yangu amekufa: "Min far... död?"

"Ja," akajibu. Ndiyo.

"Sikuelewa," nikamwambia, kwa Kiswidi changu kibovu. "Ile siku, sikuelewa."

Akashika mdomo. Kisha akaanza kunivua koti, kifungo kimoja kimoja, kama mtoto. Wiki nzima alidhani anaishi na mtu aliyefurahia kifo cha baba yake.

Baba alikuwa ameshazikwa. Barua yangu ya kwanza kwenda nyumbani ilikuwa ya rambirambi.

Mlioko ughaibuni, andikeni hapa chini neno lililowahi kuwaponza, tusaidiane. Na ukiletewa habari za nyumbani kwa lugha ambayo bado unajifunza, usijibu kwanza. Mpe aliyekuletea karatasi aziandike, kisha mpelekee mtu anayeijua lugha hiyo akusomee.