Kebo Niliyoifunga Kisumu Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya kufunga mtandao, Fundi Mkuu hakunipa ngazi wala koleo. Alinikalisha kwenye karakana yetu ya Kawangware, akanipa wembe na vipande viwili vya kebo.

"Kwaruza waya za ndani," akasema.

Kipande kimoja kilikuwa chekundu hadi ndani. Cha pili kilikuwa na wekundu wa juu juu tu. Chini yake kulikuwa na weupe wa alumini.

"Hiyo ya pili ni ya kudanganya wajinga. Na wewe leo umeacha kuwa mjinga."

Niwaeleze sababu, maana vijana wa siku hizi huuliza rangi ya ganda tu. Vile vifaa vya kurusha mtandao hewani, sisi tukiviita redio, hufungwa juu kwenye mlingoti ambako hakuna soketi. Kebo moja hupeleka mtandao na umeme pamoja. Shaba tupu huufikisha umeme huo hata mita mia moja. Alumini iliyopakwa shaba huupoteza njiani, na redio ikipata kazi nzito huzima, hujiwasha, huzima tena.

Sheria ya wembe niliifuata miaka yote, hata nilipohamishiwa chini ya Meneja wa Ufundi na haraka zake za ofisini. Kisha matokeo ya uchaguzi wa 2007 yakatangazwa, Kibera ikawaka ghasia.

Zahanati moja ya Kisumu Ndogo, humo humo Kibera, ilibaki na muuguzi mmoja. Kadi za simu zilikuwa zimeisha madukani, kwa hiyo sista huyo alikuwa akimwandikia daktari wa hospitali kupitia redio yetu iliyokuwa juu ya paa la kanisa, ikitazamana na nyingine kule Olympic, ukingoni mwa Kibera. Kibanda cha jirani kikachomwa, kebo iliyotoka zahanati hadi paani ikaungua nacho.

"Mutua, ukiweza kufika, fika," Meneja akaniambia. "Usipoweza, sitakulaumu."

Mtaa wote wa Gatina, jirani na karakana, nilipata duka moja lililofungua mlango nusu, na boksi moja la kebo. Nilikwaruza, nikaona weupe. Nikajidanganya kwamba mita tisini si mbali sana, nikalibeba.

Nilifunga asubuhi. Taa ya redio ikawaka, ujumbe wa majaribio ukaenda. Chumbani mle zahanati alilala Mama Achieng', uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya. Njia ilikuwa imetulia kidogo, na mumewe alikuwa ameleta mkokoteni wa kumtoa hadi Olympic, ambako gari la hospitali lingeweza kufika.

"Fundi, niambie ukweli," sista akaniuliza. "Hii kitu itakaa? Kama daktari ataniongoza, afadhali nimzalishe hapa. Huko nje naogopa."

"Itakaa, sista."

Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na woga, nilitaka kutoka kabla njia haijafungwa tena, na neno hilo ndilo lililokuwa fupi.

Nilirudi wiki iliyofuata na shaba tupu. Sista alinisimulia bila kupandisha sauti. Daktari alipoanza kutuma maelekezo na michoro, redio ilizima, ikajiwasha, ikazima. Nje kulikuwa kumechafuka tayari. Mama Achieng' alifariki jioni ile, na mtoto naye.

"Ungesema haujui, ningemtoa," akasema. "Mkokoteni ulikuwa hapo mlangoni."

Nilimweleza Fundi Mkuu. "Kebo nyingine hukuwa nayo," akasema. "Mdomo ulikuwa nao."

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza kebo ya kufunga, nawaambia shaba tupu, ganda la nje linalostahimili jua, isizidi mita mia. Hayo wanayaandika. Nawaambia pia kwamba wakikosa iliyo nzuri, wamwambie anayeitegemea. Hapo huweka kalamu chini.

Siku ile niliyorudi, nilipokuwa nikishuka kutoka paani, mume wa marehemu alikuwa ananingoja chini ya ngazi. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za kebo. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante sana, fundi. Wengine wote walikataa kuja."

Nikamwambia karibu.