Kuimba Besi Mbele ya Mama Mkwe

Miaka ile miwa ilipokuwa na bei, Kabras nzima ilipandwa hadi mlangoni. Ulikuwa ukifungua dirisha, majani ya miwa yanakukwaruza uso. Mimi pia nilipanda. Ningebaki nyuma vipi, na majirani wote wanaezeka mabati? Nikiwa kwenye shifti ya kiwanda cha sukari, mke wangu alibaki peke yake katikati ya ule msitu tuliojipandia wenyewe. Alikuwa ananiambia, "Hapa nikiita, hakuna anayeitika." Nami namjibu kwamba miwa ndiyo inayotulisha. Msimu mmoja akaenda kwao, Shianda, kumtazama mama yake aliyekuwa anaumwa mguu. Mguu ukapona, yeye hakurudi.

Nilituma wazee wakamwombe. Wazee gani hao! Walipokelewa vizuri, wakachinjiwa kuku, ingokho ya wageni, wakala ugali wetu wa obusuma wakashiba, kisha wakarudi kuniambia kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi mwenyewe sikuweza kwenda kumwuliza, kwa maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamwingii chumba kimoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anapotelea kwenye shamba la watu mpaka mwenzake apite. Na mke wangu alikuwa ndani ya nyumba ya huyo huyo mama mkwe.

Basi lawama zote nikamtwika yule mama. Nikasema ndiye anayemficha binti yake. Kila jioni nikichemsha chai nilimsema kwa sauti kubwa, kwani hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Upweke ni kitu kibaya, jamani, msiuone hivi hivi. Nilifika mahali pa kubishana na sufuria. Nilikuwa na redio, nilikuwa na baiskeli mpya, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba mvua inakuja.

Tegemeo langu likabaki tamasha la Agosti. Kila mwaka shule zikifungwa, kwaya za kwetu zilikutana Kakamega. Asubuhi tuliimba katika kanisa la zamani la matofali waliloliacha wamisionari, zile nyimbo nzito za Wazungu wa kale, sauti nne bila kinanda. Mchana tulihamia uwanjani, chini ya mikaratusi, na hapo ngoma za isukuti ndizo zilizotawala. Mke wangu alikuwa soprano katika kwaya ya kwao, mama yake alto. Mimi nilikuwa besi katika kwaya ya Malava: wakata miwa na watu wa kiwandani, vifua vimejaa moshi wa mashamba yaliyochomwa, ila mwalimu wetu akishaandika do-re-mi ubaoni, tuliimba mpaka madirisha yakatetemeka.

Mwaka ule mwalimu alinipa kipande cha kuimba peke yangu. Nilikifanyia mazoezi kando ya mitambo, ambako hakuna aliyenisikia. Nilijua nitakachomwambia mke wangu nikimpata hata kwa dakika chache. Ningemwambia nimeamua kung'oa miwa yote ya karibu na nyumba, apande mboga zake, aone barabara na watu wanaopita. Ni hilo tu. Nililikariri kuliko wimbo.

Kuingia kanisani, huyo hapo. Amevaa sare ya kijani, amenawiri, anacheka na wenzake. Kisha nikaona alipokaa: ukutani kabisa, na mama yake ameketi upande wa nje. Nisingemfikia bila kupita magotini mwa mama mkwe wangu. Lo! Nikasema moyoni, mwanamke huyu, hata nyumbani mwa Mungu!

Zamu yetu ikafika, nikaimba. Nasema bila aibu kwamba niliimba vizuri, hata jaji mmoja mkali wa tamasha aliweka kalamu chini. Mama mkwe aliinamisha kichwa muda wote, kama heshima inavyotaka. Mke wangu alinitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, uso wake umetulia, akapiga makofi kama wengine walivyopiga.

Mchana, uwanjani, watu wakaketi kwenye nyasi kula. Mimi sahani yangu ilikuwa inapoa mkononi. Nilizunguka kwa mbali upande wa kulia, nikitafuta pa kumkaribia mke wangu, naye akahamia upande wa kushoto wa mama yake. Nikajisemea ni jua linamkera. Nikazunguka kushoto, akarudi kulia. Mama mkwe akaona. Akachukua fimbo yake, akainuka kwa shida ya uzee, akaenda mti wa mbali kabisa, akakaa huko peke yake akinipa mgongo. Alikuwa amenipisha! Mwenzangu wa besi akanisukuma begani. "Wewe, unangoja nini tena? Njia hiyo!"

Nikaenda. Nilikuwa nimebakiza hatua chache mke wangu aliponiona. Alisimama, akakung'uta nyasi kwenye sketi, akachukua sahani yake na ya mama yake, akamfuata mama kule mtini. Hakukimbia wala hakukasirika. Alikwenda tu, akaketi nyuma yake.

Nilisimama pale katikati ya watu wanaokula. Kule mtini niliona mama akimkaripia binti, akionyesha upande wangu kwa fimbo, na binti akitikisa kichwa. Akasemeshwa tena, akatikisa kichwa tena. Halafu mama akainuka, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akaanza kuja.

Kuja kwangu! Mchana kweupe, kwaya zote zikitazama. Nikarudi nyuma, nikatafuta pa kujificha, na pale hapakuwa na shamba la mtu, ni nyasi tupu.

"Usinikimbie, mwanangu," akasema. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikisema nami. "Nimemwambia. Tangu alipokuja namwambia. Hataki."

Akaniangalia usoni, machozi yakimlenga, akaninyooshea mkono.

Mkono wa mama mkwe haushikwi. Unaoshikwa ni mkono wa mama wa watu, yeyote yule, mnayekutana sokoni mkasalimiana mkaachana. Alilijua hilo kuliko mimi. Niliushika, nikamwambia asante, mama, na nilipogeuka nikakuta kwaya yangu yote ya Malava wametazama chini.